Shindano, Changamoto au Mwito? Historia Fupi ya Kuitana katika Utungaji wa Hadithi

Utangulizi

Msafiri atokaye Bunda kwenda Ukerewe hufika Kisorya, na hapo barabara hukomea majini. Huvuka kwa kivuko mlango mwembamba wa Ziwa Victoria hadi Rugezi, kisha huingia katika kisiwa ambacho, licha ya udogo wake, kimeipatia fasihi ya Kiswahili waandishi watatu wakubwa: Aniceti Kitereza, Gabriel Ruhumbika na Euphrase Kezilahabi. Kisorya yenyewe ni mahali ambapo Wajita, Wakerewe, Wakara na wengineo hukutana kila siku, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Hata hivyo, si kisiwani wala si ng'ambo hii ya ziwa palipo na mashirika makubwa ya uchapishaji. Hayo yako Dar es Salaam na Nairobi. Basi yafaa kujiuliza: mtu akaaye katika pwani hiyo ya ziwa huanzaje kuandika? Ni nani anayemjulisha kuwa hadithi yake inangojewa?

Swali hili limepata uzito mpya siku hizi. Yamezuka makundi ya waandishi ambayo kila juma hutoa neno moja, sentensi moja au picha moja, na kuwataka wanachama wake watunge hadithi fupi kwa kuanzia hapo, katika muda uliowekwa na kwa idadi ya maneno isiyozidi kiasi fulani. Juma likiisha, hadithi husomwa na wote, maoni hutolewa, na neno jingine hutangazwa. Pengine hadithi moja husifiwa kuliko nyingine, lakini lengo kubwa si kumpata bingwa. Lengo ni kwamba watu waandike, na wiki ijayo waandike tena.

Desturi hiyo bado haina jina moja katika Kiswahili. Wako wanaoiita shindano, wako wanaoiita changamoto, na wako wanaoiita zoezi tu. Mtu anaweza kusema kuwa jina si kitu, maadamu kazi inafanyika. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jina ni kitu. Jina la mkusanyiko wa namna hii ndilo linalomwambia mtu wa kawaida kama amealikwa au hakualikwa. Ili tupate jina lifaalo, hatuna budi kutazama nyuma na kuona jinsi Waswahili na majirani zao walivyokuwa wakichocheana kutunga.

Kuitana kabla ya tuzo

Katika utambaji wa hadithi, fanani hakuanza kusimulia kabla ya kuitikiwa. Alisema "Paukwa!" na hadhira ikajibu "Pakawa!" Kama hadhira haikujibu, hadithi haikuanza. Hapa kuna jambo kubwa ambalo mara nyingi hatulitazami: hadithi ya Kiswahili, kwa desturi yake, ni mali ya pande mbili. Upande mmoja huita, upande wa pili huitika. Vivyo hivyo katika vitendawili, mmoja husema "Kitendawili!" na wenzake humwambia "Tega!" Aliyetega na aliyetegua wote wamo mchezoni, na zamu huhama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Washairi nao walikuwa na mtindo wao. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, alijibizana kwa mashairi na Zahidi Mngumi wa Lamu wakati miji yao ilipokuwa ikihasimiana. Kila shairi lilidai jibu. Hapakuwa na jopo la waamuzi, wala zawadi. Kilichowafanya watunge ni kuitwa, na aibu ya kunyamaza baada ya kuitwa.

Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, liliupa mtindo huo uwanja mpana zaidi. Wasomaji kutoka sehemu mbalimbali walipeleka mashairi yao, wakaulizana na kujibizana humo. Mtu aliyekuwa bara aliweza kumjibu mtu wa pwani ambaye hakupata kumwona kwa macho. Mwaka 1946 baadhi ya mashairi hayo yalikusanywa na kuchapishwa na Sheldon Press kwa jina la Mashairi ya Mambo Leo. Yafaa ieleweke kuwa kitabu hicho hakikuzaliwa na tuzo. Kilizaliwa na mazoea ya kuitana na kuitikiana, toleo baada ya toleo.

Ukawadia wakati wa mashindano

Neno shindano liliingia katika utungaji wa nathari kwa nguvu wakati wa ukoloni. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya kusanifisha Kiswahili katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, iliona upesi kwamba lugha sanifu bila vitabu ni sawa na nyumba bila watu. Kwa hiyo, pamoja na kazi yake ya kamusi na tahajia, iliendesha mashindano ya uandishi ili kuwapa moyo waandishi wenyeji. Baada ya East African Literature Bureau kuanzishwa mwaka 1948, kazi hiyo ilipata chombo kingine.

Hatuwezi kuyabeza matunda ya mashindano hayo. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipata tuzo ya kwanza katika shindano la hadithi la mwaka 1957-58 lililoendeshwa na Bureau, na hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilichapishwa mwaka 1960. Kutoka hapo Bwana Msa, mpelelezi wake, akawa mtu anayejulikana na kila msomaji wa Kiswahili. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza kutangaza mwaka 1957, nayo iliendesha mashindano ya hadithi fupi, na Longman ikachapisha hadithi zilizochaguliwa katika vitabu vidogo vidogo, vikiwamo Mapenzi ni Kikohozi na Pavumapo Palilie. Kwa njia ya redio mwaliko uliweza kumfikia hata mtu aliye mbali na duka la vitabu. Hilo lilikuwa jambo jipya.

Tukitazama upande wa istilahi, mashindano hayo yalisaidia pia kulikomaza jina hadithi fupi. Hapo awali neno hadithi lilitosha kwa kila masimulizi, marefu kwa mafupi; hata kitabu kizima kiliitwa hadithi. Neno riwaya lilikuwa na maana ya masimulizi au maelezo ya jambo kama lilivyopokewa kutoka kwa mtu, kabla ya kuzoeleka kwa maana ya kitabu kirefu cha nathari ya kubuni. Mashindano yalipoweka masharti ya urefu, watunzi na wasomaji walihitaji kutenganisha kile kilicho kirefu na kile kinachosomeka kwa kikao kimoja. Hivyo hadithi fupi, ambalo kwa umbo lake ni maneno mawili ya kawaida, likageuka kuwa istilahi yenye mipaka yake.

Hata hivyo, shindano lina tabia yake. Lina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na mlango wa kutokea ni mwembamba sana. Wengi hupeleka, wachache huchapishwa. Hadithi isiyoshinda hurudi kabatini, na mara nyingi mwenyewe hapati hata neno moja la kumweleza kilichopungua. Zaidi ya hayo, shindano huchagua lugha kabla halijachagua hadithi.

Juu ya jambo hili la pili, historia ya Aniceti Kitereza ina fundisho. Kitereza alimaliza kuandika riwaya yake kubwa kwa lugha ya Kikerewe mwaka 1945. Ilikuwa miaka ambayo uchapishaji katika Afrika Mashariki ulielekea Kiswahili na Kiingereza. Kazi yake, iliyoeleza maisha ya Wakerewe kwa urefu na kwa makini ambayo ni vigumu kuipata kwingine, haikuwa na mahali pa kupelekwa. Hatimaye aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla ya nakala kumfikia mkononi. Miaka 35 ilipita kati ya nukta ya mwisho ya mswada na kitabu. Mtu huyo hakukosa kipaji wala bidii. Alichokosa ni hadhira iliyokuwa ikimngoja na kumwitikia.

Gazeti la kila juma

Kizazi kilichofuata katika kisiwa hicho hicho kilikuta hali tofauti. Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944 huko Namagondo, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971, na katika miaka hiyo alianza pia kuandika hadithi fupi. "Wasubiri Kifo" ilitokea mwaka 1976 katika jarida la Kiswahili, na "Mayai Waziri wa Maradhi" ilitokea mwaka 1978 katika Mzalendo, gazeti lililotoka kila Jumapili. Ruhumbika naye alitoa mkusanyo wa hadithi fupi, Uwike Usiwike Kutakucha, mwaka 1978.

Msomaji atazame tofauti iliyopo kati ya jarida la kitaaluma na gazeti la Jumapili. Jarida husomwa na wachache tena kwa utulivu. Gazeti husomwa na umma, kisha kesho yake hufungiwa sukari. Lakini gazeti la kila juma lina fadhila moja ambayo hata tuzo kubwa haina: juma lijalo litahitaji hadithi nyingine. Nafasi iliyo tupu katika ukurasa wake ni mwito usiokwisha. Mwandishi ambaye hadithi yake haikukubaliwa leo hahitaji kungoja mwaka mzima ili ajaribu tena. Kwa njia hiyo magazeti yalikuwa chuo cha uandishi, ingawa hakuna aliyeyaita chuo.

Makundi ya leo yanayotoa neno moja kila juma ni warithi wa ukurasa huo. Tofauti ni kwamba katika gazeti alikuwako mhariri mmoja aliyechagua, na katika makundi haya wasomaji ni waandishi wenyewe. Kwa maana hiyo desturi hii mpya inaelekea zaidi kwa fanani na hadhira yake kuliko kwa Kamati ya mwaka 1930.

Mfano kutoka ng'ambo

Jambo hili si la Waswahili peke yao. Mwezi Juni 1816, huko Uswisi karibu na ziwa la Geneva, mvua ilikuwa ikinyesha mfululizo. Mshairi Mwingereza Byron, akiwa na wageni wake nyumbani, alipendekeza kwamba kila mmoja wao atunge hadithi ya mzimu. Hakuweka zawadi, wala hakuteua mwamuzi. Katika kundi hilo walikuwamo washairi wawili mashuhuri, Byron mwenyewe na Shelley, na kama pangekuwa na shindano bila shaka watu wangewatazamia hao kushinda. Lakini wote wawili waliziacha hadithi zao njiani. Aliyeitikia mpaka mwisho alikuwa Mary, msichana wa miaka 18 ambaye hakuwa na jina katika uandishi, na hadithi yake ilikua ikawa riwaya ya Frankenstein, iliyochapishwa mwaka 1818. Polidori, tabibu wa Byron, naye alitoa hadithi iliyochapishwa mwaka 1819, juu ya maiti anyonyaye damu, ambayo imezaa jamaa kubwa ya hadithi za aina hiyo mpaka leo.

Fundisho lake ni wazi. Pasipokuwa na mshindi anayetazamiwa, asiyetazamiwa hupata nafasi.

Kuchagua istilahi

Baada ya kuitazama historia, sasa tuyapime majina yenyewe. Istilahi nzuri hupimwa kwa mambo kadhaa: iwe sahihi kwa dhana yake, iwe fupi, iweze kunyambulika, na ikubalike kwa watumiaji.

Kwanza, shindano. Neno hili lina asili katika kitenzi shinda, na kauli yake ya kutendana, shindana. Minyambuliko yake inajulikana: mshindi, mshindwa, mshindani, ushindi. Ni neno safi, na kwa jambo lenye waamuzi na zawadi halina mpinzani. Lakini minyambuliko hiyo hiyo ndiyo inayolikataza hapa. Palipo na shindano ni lazima pawe na mshindwa. Kijana wa Kisorya anayeandika hadithi yake ya kwanza akiambiwa kuwa ameingia shindanoni, ameshaambiwa pia kwamba huenda akawa mshindwa. Huo si mwaliko. Tena, tukitumia shindano kwa kila kitu, tutakosa jina la mashindano ya kweli.

Pili, changamoto. Neno hili lilipozoeleka lilikuwa na maana ya jambo linalomchochea mtu aamke na kujitahidi, na umbo lake humkumbusha msikilizaji kuchangamka na moto. Kwa maana hiyo lingefaa sana. Kwa bahati mbaya, katika hotuba za ofisini na katika vyombo vya habari limetwishwa mzigo usio wake. Maji yakikosekana, husemwa kuna changamoto ya maji. Barabara ikiharibika, kuna changamoto ya barabara. Tatizo, upungufu, kikwazo, dosari na kero, maneno matano yenye tofauti zake, yote yamefunikwa na neno hilo moja. Leo ukimwambia mtu wa kawaida "changamoto ya hadithi fupi", atadhani hadithi fupi zina matatizo. Juhudi za kulirudishia neno hili maana yake ziendelee, lakini si busara kuijengea dhana mpya juu ya msingi unaotikisika.

Tatu, zoezi. Neno hili ni fupi na halimtishi mtu. Kasoro yake ni kwamba lina harufu ya darasa. Zoezi husahihishwa na mwalimu. Hadithi zinazosomwa na wenzako husomwa kwa kufurahiwa, na kusahihishana huja baadaye kama kutahitajika.

Nne, malumbano. Kwa washairi neno hili ni la heshima, na lina historia ndefu. Lakini kulumbana ni kushindana kwa hoja kati ya watu wanaojibizana, na hadithi kumi zilizotungwa kutokana na neno moja hazijibizani. Zimekaa bega kwa bega.

Tano, mwito. Neno hili latokana na kitenzi ita, na ndilo ambalo makala haya yanalipendekeza. Sababu ni tatu. Ya kwanza ni maana. Mwito hauna mshindi. Una aliyeita na aliyeitika. Katika malezi ya Kiswahili mtoto aitwapo huitika "naam" au "abee", na asiyeitika huonekana hana adabu. Basi neno lenyewe hudai jibu, nalo hulidai kwa upole. Ya pili ni minyambuliko. Anayetoa neno la juma ataitwa mwitaji. Hadithi iliyotungwa kujibu neno hilo itaitwa mwitikio. Mtunzi wake atakuwa mwitikiaji. Jamaa yote hii inatoka katika mzizi mmoja, na msikilizaji haelezwi kitu. Ya tatu ni sarufi. Baadhi husema wito, lakini umbo hilo halina wingi uliozoeleka, ilhali mwito una miito. Kwa jambo linalorudi kila juma tunahitaji kuhesabu: mwito wa kwanza, mwito wa pili, miito minne kwa mwezi.

Pamoja na mwito zinahitajika istilahi ndogo za kuusindikiza. Neno, sentensi au picha inayotolewa ili watu waanzie hapo ifaa iitwe kianzio. Mada haitoshi, kwa kuwa mada ni jambo zima linalozungumzwa, na kianzio ni mlango tu. Mtu akishaingia aweza kwenda atakako. Idadi ya maneno isiyopaswa kuzidishwa ifaa iitwe kikomo cha maneno, na siku ya mwisho ya kupeleka hadithi, kikomo cha siku.

Pingamizi

Wako watakaosema kwamba mwito lina matumizi mengine: mtu hupata mwito wa mkutano, mwito wa mahakama, na watu wa dini husema juu ya wito wa upadri au utawa. Ni kweli. Lakini neno kuwa na matumizi mengi si kosa, mradi muktadha uyatenganishe, na mwito wa hadithi ni usemi usioweza kumchanganya mtu. Tena matumizi hayo yote yana kiini kimoja: fulani ametakiwa, naye anatazamiwa kujibu.

Wako pia watakaohofu kwamba kuacha neno shindano ni kulegeza kiwango. Hofu hiyo haina msingi, maana tuzo zipo na zinahitajika. Tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyojulikana kwanza kwa jina la Mabati-Cornell ilianzishwa mwaka 2014. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayobeba jina la mwana wa Butiama katika mkoa huu huu wa Mara, ilizinduliwa mwaka 2022 na kutoa washindi wake wa kwanza mwaka 2023, ikianza na riwaya na ushairi. Tuzo hizo hupima kazi iliyokwisha kukomaa, na kazi haikomai kabla ya kuanzwa. Shindano humkuta mwandishi. Mwito humfanya awepo. Kila kimoja kibaki na jina lake ili kila kimoja kifanye kazi yake.

Hitimisho

Historia tuliyoipitia yaonyesha njia mbili. Ya kwanza ni ya mashindano, iliyotupatia Mzimu wa Watu wa Kale na vitabu vya BBC, na ambayo haikuwa na nafasi kwa Kitereza. Ya pili ni ya kuitana, ya fanani, ya Mambo Leo na ya gazeti la Jumapili, ambayo imefanya kazi kubwa bila kupewa jina. Makundi ya leo yamo katika njia hii ya pili, na yanastahili kuitwa kwa jina linaloieleza.

Walimu wa shule, viongozi wa vyama vya waandishi na wahariri wanaombwa kuyajaribu maneno mwito, kianzio na mwitikio katika kazi zao, na kutueleza kama yanaukaa ulimi wa watu au yanaukwaruza. Istilahi hupendekezwa na ofisi, lakini hupitishwa na wasemaji. Yakikubalika, yataingizwa katika orodha. Yakikataliwa, tutatafuta mengine. Kinachotakiwa ni kwamba anayetaka kuandika, awe mjini au ng'ambo ya kivuko, asikutane mlangoni na neno linalomwambia kwamba ameshashindwa.